Mapitio: Huduma ya Kumchagua Rais wa Marekani kwa Macho ya Mgeni

Huduma ninayoipitia hapa haiuzwi dukani, lakini ina mteja wake, ina dirisha la kuhudumiwa, ina masharti ya matumizi, na ina ahadi inayotolewa kwa kila anayeitumia. Mteja ni raia wa Marekani aliyetimiza miaka 18, na ahadi ni kwamba kila baada ya miaka minne raia huyo atashiriki kumchagua mtu atakayeiongoza nchi yake. Mimi si raia wa huko na sijawahi kupiga kura huko. Niliifuatilia huduma hii kwa karibu mwaka 2024, nilipokaa wiki kadhaa kwa zamu katika nyumba mbili za jamaa zangu waliokwisha kupata uraia: binamu yangu, anayeishi katika mji mdogo wa magharibi mwa Pennsylvania, na shangazi yangu, anayeishi Maryland. Majimbo hayo yanapakana, na safari ya gari kati ya nyumba hizo huchukua saa chache tu. Hata hivyo, ndugu hao wawili, wenye haki ile ile chini ya Katiba ile ile, hupokea huduma mbili zisizofanana hata kidogo, na kinachowatofautisha si elimu wala bidii yao bali ni anwani ya nyumba.

Kwa mtu aliyezoea tume moja ya taifa inayoandikisha wapiga kura, kuchapisha karatasi, kuhesabu na kumtangaza mshindi, jambo la kwanza la kuzoea ni kwamba Marekani haina tume ya namna hiyo. Ipo Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, lakini kazi yake ni kusimamia fedha za kampeni, wala haihesabu kura hata moja. Uchaguzi wenyewe huendeshwa na majimbo 50 pamoja na mji mkuu wa Washington, na ndani ya majimbo hayo kazi hukabidhiwa wilaya na miji, hata ukijumlisha ofisi zote unapata zaidi ya 10,000 zenye mamlaka ya kuendesha uchaguzi. Karatasi, mashine, saa za kufungua, aina ya kitambulisho na siku ya mwisho ya kujiandikisha hutofautiana kutoka mahali hadi mahali. Ukimuuliza Mmarekani jinsi uchaguzi wa rais unavyofanyika, atakueleza unavyofanyika kwake, na jirani aliye ng'ambo ya mpaka wa jimbo atakueleza habari nyingine.

Mlango wa kuingilia huduma ni kujiandikisha, na hapo ndipo nilipoanza kuona kasoro. Katika majimbo mengi mzigo wa kujiandikisha umewekwa juu ya raia mwenyewe, na kila anapohama lazima abadilishe taarifa zake. Pennsylvania hufunga daftari siku 15 kabla ya uchaguzi, kwa hiyo mwaka 2024 aliyekumbuka baada ya tarehe 21 Oktoba alikuwa amekwisha chelewa, hata kama alikuwa amelipa kodi zake zote na kuishi katika nyumba ile ile miaka ishirini. Maryland, kwa upande wake, humruhusu mtu kujiandikisha na kupiga kura siku hiyo hiyo. Oregon ilianza mwaka 2016 kuwaandikisha raia moja kwa moja wanapohudumiwa katika ofisi za leseni za udereva, na North Dakota haina daftari la kujiandikisha kabisa. Mambo haya yanathibitisha kwamba ugumu wa mlango si lazima ya kiufundi. Serikali inayoweza kumwandikisha raia wake Oregon ingeweza kumwandikisha popote, na pale isipofanya hivyo ni kwa sababu wenye mamlaka ya jimbo hawajataka.

Mlango huu una historia nzito, na sidhani kwamba mgeni anaweza kuutathmini kwa haki bila kuikumbuka. Marekebisho ya 15 ya Katiba, ya mwaka 1870, yalikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake, lakini kwa takriban miaka mia moja majimbo ya Kusini yaliwazuia raia weusi kwa mitihani ya kusoma na kuandika, kwa kodi ya kupiga kura, na kwa vitisho vya wazi. Kodi hiyo iliondolewa katika chaguzi za shirikisho na Marekebisho ya 24 mwaka 1964, na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965 ndiyo iliyoipa serikali ya Washington nguvu ya kuyabana majimbo yaliyokuwa na rekodi ya ubaguzi. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliutengua mfumo ulioyalazimisha majimbo hayo kuomba idhini kabla ya kubadilisha kanuni zao za uchaguzi. Kwa hiyo, unapoona foleni ndefu katika mtaa mmoja na foleni fupi katika mtaa mwingine, hutazami tukio la siku moja tu. Niliposoma kwamba sheria ya Georgia ya mwaka 2021 ilipiga marufuku kuwagawia chakula au maji watu waliopanga foleni karibu na kituo cha kupigia kura, nilisikitika kwa dhati, kwani mpiga kura aliyesimama saa nyingi juani ndiye mteja mvumilivu kuliko wote.

Sasa nieleze huduma ya dirishani, ambayo nina sifa njema za kuipa. Siku ya uchaguzi ilikuwa Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024. Jumanne hiyo inatokana na sheria ya mwaka 1845, enzi ambazo wakulima walihitaji siku ya kusafiri baada ya ibada ya Jumapili na kurudi kabla ya siku ya soko, na mpaka leo si sikukuu ya kitaifa. Binamu yangu anafanya kazi ya zamu, hivyo tulitoka nyumbani kabla ya mapambazuko ili awe miongoni mwa wa kwanza vituo vitakapofunguliwa saa moja asubuhi. Mimi nilibaki nje, kwa sababu sheria ya jimbo hairuhusu mtu asiyehusika kuingia chumba cha kura, nikasimama na watu wa vyama waliokuwa wakigawa vipeperushi. Nilivutiwa na utulivu wa mahali pale. Watu wa kambi mbili zilizokuwa zikirushiana maneno makali katika televisheni walisimama bega kwa bega na kuulizana habari za watoto.

Binamu alitoka baada ya muda usiofika saa moja. Alinieleza kwamba waliomhudumia ni majirani, wengi wao wazee wastaafu, ambao walimtafuta katika daftari, wakamwonyesha pa kutia sahihi, kisha wakampa karatasi kubwa na kalamu. Alijaza viduara kwa wino na kuiingiza karatasi mwenyewe katika mashine ya kusomea kura, mashine ikaisoma, na karatasi ikabaki ndani ya sanduku kama ushahidi. Katika karatasi ile hakumchagua rais peke yake. Alimchagua seneta, mbunge wa shirikisho, mwanasheria mkuu wa jimbo, mkaguzi wa hesabu, mweka hazina na mbunge wa jimbo. Nililipenda jambo hilo, kwa maana linampa raia sauti katika mambo ya karibu naye wakati ule ule anapoulizwa kuhusu mambo makubwa ya nchi. Alipokuwa akitoka alipewa kibandiko kidogo kinachosema kwamba amepiga kura, naye akakivaa kifuani mpaka kazini.

Ile karatasi inayobaki sandukuni ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Katika uchaguzi wa mwaka 2000, sehemu za Florida zilitumia kadi za kutoboa, na taifa zima lilikaa wiki tano likibishana kuhusu vijipande vya karatasi vilivyoning'inia bila kudondoka. Sheria ya mwaka 2002 ilitoa fedha za kuondoa mashine hizo. Faida yake ilionekana Georgia mwaka 2020, pale karatasi zote zipatazo milioni 5 zilipohesabiwa upya kwa mikono, kisha zikapitishwa tena katika mashine kwa ombi la upande ulioshindwa, na mshindi akabaki yule yule. Zaidi ya kesi 60 zilifunguliwa katika majimbo mbalimbali kupinga matokeo ya mwaka huo, na mahakama zikazikataa karibu zote, zikiwemo zilizoamuliwa na majaji walioteuliwa na rais aliyekuwa akilalamika, Donald Trump. Utawanyiko wa ofisi zaidi ya 10,000, ambao mwanzoni niliuona kuwa fujo, una hekima yake hapa, kwa kuwa hakuna chumba kimoja ambacho mtu akikiteka ameuteka uchaguzi wote.

Kura kwa njia ya posta ni huduma nyingine ambayo ubora wake unategemea uko wapi. Oregon imeendesha uchaguzi wa rais kwa posta tangu mwaka 2000, nayo Colorado, Utah na jimbo la Washington humtumia kila mpiga kura aliyeandikishwa karatasi yake nyumbani. Pennsylvania inairuhusu njia hii, lakini kwa masharti yanayohitaji macho makali: karatasi iingie kwanza katika bahasha ya siri, bahasha hiyo iingie katika bahasha ya kurudishia, na bahasha ya nje itiwe sahihi na tarehe. Kura iliyokosa bahasha ya ndani hukataliwa, na suala la tarehe limefikishwa mahakamani mara nyingi mno, ijapokuwa ofisi hupiga mhuri wa siku iliyoipokea bahasha. Hali kadhalika, sheria ya jimbo hilo hairuhusu bahasha kufunguliwa kabla ya saa moja asubuhi ya siku ya uchaguzi. Ndiyo maana mwaka 2020 dunia nzima iliisubiri Pennsylvania kuanzia Jumanne mpaka Jumamosi, na katika siku hizo nne uvumi ulipata nafasi ya kuota mizizi. Florida, ambayo huanza kuzishughulikia kura hizo mapema, hutoa matokeo yake usiku ule ule.

Yote niliyoyaeleza hadi hapa ni mambo ya dirishani, na mtu angeweza kusema kwamba huduma ina kasoro za kurekebishika. Tatizo kubwa linaanza baada ya karatasi kutumbukia sandukuni, kwa sababu kura ile haiendi kwa mgombea. Inakwenda kwa kundi la wajumbe wa jimbo, yaani watu wanaomchagua rais kwa niaba ya jimbo lao. Wajumbe hao ni 538 nchi nzima: idadi sawa na wabunge 435 na maseneta 100, ukiongeza 3 wa mji mkuu, na anayepata 270 ndiye rais. California ina wajumbe 54, Texas 40, Pennsylvania 19, Maryland 10, na Wyoming 3. Kwa kuwa kila jimbo, hata dogo namna gani, lina maseneta wawili, jimbo dogo hupata uzito usiolingana na idadi ya watu wake. Kwa sensa ya mwaka 2020, mjumbe mmoja wa Wyoming anasimama kwa watu wapatao 192,000, ilhali mjumbe mmoja wa California anasimama kwa watu wapatao 732,000.

Wakosoaji wengi huishia kwenye hesabu hiyo ya Wyoming na California, nami naona wanaishia njiani. Kinachoumiza zaidi ni kanuni ya mshindi kuchukua wajumbe wote wa jimbo. Isipokuwa Maine na Nebraska, ambazo hugawa sehemu ya wajumbe wao kwa wilaya za ubunge, kila jimbo humkabidhi mshindi wake wajumbe wote, hata akishinda kwa kura moja. Mwaka 2020 Donald Trump alipata kura zaidi ya milioni 6 California, nyingi kuliko alizopata katika jimbo jingine lolote, Texas ikiwemo, na kura zote hizo hazikumpa mjumbe hata mmoja. Joe Biden alipata zaidi ya milioni 5 Texas kwa matokeo hayo hayo. Mamilioni haya ya watu walijiandikisha, wakapanga foleni, wakajaza viduara vyao kwa uangalifu, kisha sauti yao ikaishia mpakani mwa jimbo lao. Huwezi kusema kwamba kura zao hazikuhesabiwa, kwa kuwa zilihesabiwa kwa usahihi kabisa. Zilichokosa ni mahali pa kwenda.

Tena kanuni hii haimo katika Katiba. Katiba inasema tu kwamba kila jimbo litawateua wajumbe wake kwa namna ambayo bunge la jimbo litaelekeza, na katika chaguzi za mwanzo majimbo yalijaribu njia mbalimbali. Virginia iliacha kugawa kwa wilaya na kumpa mshindi wajumbe wote mwaka 1800, na jambo hilo lilimfaa mwenyeji wake aliyegombea urais, Thomas Jefferson. Majimbo mengine yaliona kwamba kugawa wajumbe wakati wenzao hawagawi ni kujidhoofisha, nayo yakafuata. Kufikia mwaka 1836 yote yalikuwa yakitumia kanuni hiyo, isipokuwa South Carolina. Hesabu yenyewe ya wajumbe ilikuwa pia na doa la utumwa, kwa sababu Katiba ya awali ilimhesabu kila mtumwa kuwa tatu ya tano ya mtu katika kugawa viti vya wawakilishi, na hivyo wenye watumwa walipata wajumbe zaidi kwa ajili ya watu waliowanyima kila haki. Utumwa ulikomeshwa, kipengele hicho kikafutwa, lakini chombo kilichotengenezwa wakati ule bado ndicho kinachotumika.

Matokeo yake niliyaona kwa macho katika nyumba zile mbili. Kwa binamu yangu, sanduku la barua lilijaa vipeperushi vya kampeni kila siku, simu haikupumzika, na huwezi kutazama mechi bila kukatizwa na matangazo ya wagombea. Vijana wa kampeni walibisha hodi mara nyingi, baadhi yao wakiwa wamesafiri kutoka majimbo mengine, na wagombea wenyewe walirudi Pennsylvania wiki baada ya wiki. Walizungumzia gesi, chuma na ajira za viwandani, mambo yanayowagusa watu wa pale. Kwa shangazi palikuwa kimya. Nilipomwuliza kama kuna yeyote aliyefika mlangoni pake kumwomba kura ya urais, alinijibu bila uchungu wowote, kama mtu anayeeleza hali ya hewa: «Hapa kwetu hawabishi hodi, mwanangu. Wameshatuhesabu.»

Maneno yale yalinikaa moyoni kuliko takwimu zote nilizozisoma. Mwaka 2024 ushindani wa kweli ulikuwa katika majimbo 7: Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada. Watu wa majimbo mengine 43, ambako mshindi alijulikana mapema, walitazama kwa mbali kampeni ya kumpata rais wao wenyewe. Mgombea mwenye akili timamu hawezi kulaumiwa kwa kuwapita, maana kanuni zinamwelekeza hivyo. Akiongeza kura laki moja Maryland hapati kitu. Akiziongeza Pennsylvania huenda akapata nchi.

Ndiyo sababu pia aliyepata kura nyingi za wananchi anaweza kushindwa, na jambo hilo limetokea mara tano: mwaka 1824, 1876, 1888, 2000 na 2016. Mwaka 2000 Al Gore aliongoza nchi nzima kwa kura zaidi ya 500,000, lakini George W. Bush akapewa Florida kwa tofauti ya kura 537 baada ya Mahakama ya Juu kuukomesha uhesabuji upya tarehe 12 Desemba. Mwaka 2016 Hillary Clinton aliongoza kwa kura takriban milioni 2.9, huku Trump akishinda Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa jumla ya kura zisizofika 80,000. Hata mwaka 2020, Biden aliyeongoza kwa kura zaidi ya milioni 7 alikuwa karibu na ukingo kuliko wengi wanavyojua. Tofauti yake katika Georgia, Arizona na Wisconsin ukizijumlisha haikufika kura 43,000, na kama majimbo hayo matatu yangekwenda upande wa pili, wagombea wangefungana kwa wajumbe 269 kila mmoja.

Wakifungana, au kama hakuna aliyefikisha 270, huduma inahamia dirisha jingine ambalo raia wengi hawajawahi kuliona. Baraza la Wawakilishi ndilo humchagua rais, lakini wabunge hawapigi kura mmoja mmoja. Kila jimbo hupewa kura moja, na mshindi anahitaji 26. Hapo Wyoming inalingana na California kabisa. Njia hii ilitumika mwaka 1825, pale John Quincy Adams alipochaguliwa ingawa Andrew Jackson alikuwa amepata wajumbe wengi zaidi. Kuacha mlango kama huo wazi kwa miaka mia mbili, katika nchi yenye nguvu kiasi hiki, naona ni uzembe mkubwa.

Watetezi wa mfumo wanazo hoja, nami nilizisikiliza kwa heshima, kwa sababu binamu yangu ni mmoja wao. Anasema kwamba Marekani ni muungano wa majimbo, na kwamba bila wajumbe wagombea wangeng'ang'ania miji mikubwa na kuwasahau watu wa mashambani kama yeye. Hofu ya kusahauliwa ni ya haki. Dawa iliyopo, hata hivyo, haiwakumbuki watu wa mashambani kwa jumla. Inawakumbuka wale walio katika jimbo lenye ushindani. Mkulima wa Kansas hakutembelewa zaidi ya shangazi yangu. Kama lengo ni kumlazimisha rais akubalike sehemu nyingi za nchi, ziko njia zinazolifikia bila kuitupa kura ya mtu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47, na asipopatikana mtu wa namna hiyo, wawili wa juu hurudi kwa wananchi. Chini ya kanuni hiyo, kura ya mtu wa kaunti ambayo mgombea hawezi kuongoza bado ina thamani kwa mgombea huyo.

Hoja yake ya pili ina uzito zaidi, nami nakubaliana nayo kwa sehemu. Anasema kwamba mgogoro wa kura unapozuka hubaki ndani ya jimbo moja au mawili, badala ya nchi nzima kuhesabu upya kura milioni 150. Ni kweli. Lakini tarehe 6 Januari 2021 umati ulivamia jengo la Bunge mjini Washington wakati kura za wajumbe zilipokuwa zikihesabiwa, na hatua hiyo ya kati, yaani ule muda kati ya kura ya mwananchi na kuidhinishwa kwake, ndiyo iliyompa mtu nafasi ya kudai kwamba makamu wa rais, ambaye husimamia uhesabuji huo, anaweza kuzikataa kura za majimbo. Sheria iliyotiwa sahihi Desemba 2022 imesema wazi kwamba hana mamlaka hayo, na sasa pingamizi lolote linahitaji kuungwa mkono na moja ya tano ya Baraza la Wawakilishi na moja ya tano ya Seneti. Hayo ni marekebisho mema. Yameutengeneza mlango wa mwisho wa jengo, na sehemu nyingine zimeachwa zilivyo.

Wapo pia wateja ambao hawaruhusiwi hata kukaribia dirisha. Puerto Rico ina watu zaidi ya milioni 3, nao ni raia wa Marekani kwa kuzaliwa, lakini wakaazi wa kisiwa hicho hawapigi kura katika uchaguzi mkuu wa rais kwa kuwa kisiwa si jimbo na hakina wajumbe. Akihamia Florida, Mpuertoriko hupata kura. Raia wa Florida akihamia San Juan huipoteza, ilhali angehamia Ufaransa angeendelea kupiga kura ya Florida kwa posta. Nilimwomba binamu anipe maelezo ya kulitetea jambo hili, naye hakuwa nayo. Wakaazi wa mji mkuu wenyewe walipata haki hii kwa Marekebisho ya 23 mwaka 1961, ishara kwamba lisilowezekana leo linaweza kurekebishwa kesho pakiwa na nia.

Nia ya kuurekebisha mfumo wote imewahi kuwapo. Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 338 dhidi ya 70, pendekezo la kuwaondoa wajumbe na kumchagua rais kwa kura za wananchi moja kwa moja. Mwaka uliofuata likakwamishwa katika Seneti. Tangu hapo majimbo kadhaa yameingia mkataba wa kumpa wajumbe wao mgombea anayeongoza nchi nzima, mara tu mkataba utakapokusanya wajumbe 270. Hadi mwaka 2024 ulikuwa umefikisha 209, Maryland ikiwa ya kwanza kujiunga, mwaka 2007. Nilifurahi kujua kwamba jimbo la shangazi ndilo lililofungua njia hiyo.

Shangazi alikuwa amepiga kura mapema, katika siku nane ambazo Maryland hufungua vituo kuanzia asubuhi mpaka usiku, na jirani yake wa mlango wa pili, mzee mpole ambaye humsaidia kufyeka majani, alikwenda naye katika gari moja. Shangazi alimchagua Kamala Harris, mgombea wa chama cha Democratic. Mzee alimchagua Trump, wa chama cha Republican. Tarehe 17 Desemba 2024 wajumbe 10 wa Maryland walikutana Annapolis, na wote kumi wakampa Harris kura zao. Siku hiyo hiyo, mjini Harrisburg, wajumbe 19 wa Pennsylvania walimpa Trump kura zote, jimbo likiwa limeamuliwa kwa tofauti ya takriban kura 120,000 kati ya zaidi ya milioni 7. Mzee yule aliniambia kwamba hajawahi kukosa uchaguzi wa rais tangu alipohamia mtaani pale mwaka 1990. Mara ya mwisho Maryland kuwapeleka wajumbe wake upande wa chama chake ilikuwa mwaka 1988.